Maji ya Maua

Tulihama Korogwe na vyombo 31 vya maua. Vitanda, meza, kabati na magunia ya vitabu vilitangulia kupakiwa; maua yalipanda mwisho juu ya fuso, yamebanwa kwa magodoro yasianguke. Dereva alituuliza kama ni ya kuuza. Tulipomwambia ni ya kuangalia tu, alicheka, akakaza kamba, na hakutia neno tena mpaka tulipofika Handeni.

Ni safari ya kilomita 65 tu, lakini aliyeizoea Korogwe atajua tunachosema. Korogwe iko bondeni, Mto Pangani unapita, na milima ya Usambara imesimama karibu kama ukuta. Tulikaa Manundu miaka 22 tukifundisha shule za msingi, mmoja wetu darasa la kwanza, mwingine la saba, hivi kwamba wapo watoto waliotupitia sisi wawili, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Handeni ni nyumbani kwa mmoja wetu. Tulipostaafu tulirudi kwenye kiwanja cha wazee.

Tunaandika "sisi" kwa makusudi. Tulipoombwa na usharika tuchangie katika kitabu hiki, mmoja wetu alitaka aandike peke yake, mwingine amsahihishie tahajia, kama tulivyozoea. Tukaona haitawezekana. Msomaji ataelewa sababu huko mbele.

Kwanza tueleze kidogo kazi yenyewe, maana wapo wapendwa wanaotuuliza kila mara baada ya ibada. Wengine hununua ua kwenye mnada wa mavuno, likafa kabla ya Jumapili ya tatu, wakajisemea kwamba wana mkono mbaya. Mkono hauna kosa. Mara nyingi kosa liko kwenye tundu.

Chombo chochote kinafaa: kopo la rangi la lita 20, ndoo iliyokatika mpini, sufuria iliyotoboka, dumu la mafuta ya kula lililokatwa shingo, tairi kuukuu, chungu kilichomeguka mdomo. Lakini lazima kiwe na matundu chini, matatu au manne, ya kuingia kidole kidogo. Plastiki hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, bati kwa nyundo. Maji yakikosa pa kutokea, mizizi huoza. Mizizi ikioza, majani hunyauka. Mwenye ua akiona limenyauka hudhani lina kiu, akaliongezea maji. Analiua kwa huruma.

Juu ya matundu weka vigae vya chungu au vipande vya tofali, kisha udongo. Udongo mwekundu wa Handeni usiutie peke yake, kwani ukikauka ndani ya kopo unakuwa tofali. Sisi huchanganya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na ndoo moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi inaunguza. Acha nafasi ya vidole viwili kutoka ukingoni ili maji yasimwagike nje. Inua kila chombo juu ya matofali, matundu yasizibe na mchwa wasipande, na mchwa wa Handeni hawana mchezo. Kopo la rangi ya giza likipigwa na jua la saa nane linaipika mizizi, kwa hiyo lipake chokaa au lisogeze chini ya mwarobaini. Na usimwagilie kwa saa wala kwa kalenda. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo ulioshikana, subiri.

Hayo yote tuliyajua Korogwe. Jambo lililo kubwa kuliko hayo hatukulielewa mpaka tulipohamia Handeni. Mwembe uliopandwa ardhini ukikosa maji huyatafuta. Mizizi yake huteremka na kutambaa mpaka chini ya nyumba ya jirani. Ua la kwenye kopo halina pa kwenda. Dunia yake yote ni zile lita 20 za udongo ulizozichanganya wewe, na mvua yake ni mkono wako. Ukilisahau siku tatu za kiangazi hakuna mwingine wa kulikumbuka. Ndiyo maana wapenda maua ya makopo si watu wa safari. Sisi tumekosa harusi mbili za ukoo kwa sababu hiyo, tukatuma zawadi na visingizio. Tulikuwa tukijisifu kwa jambo hilo. Tuliliita uaminifu.

Katika yale 31 lilikuwamo moja dogo kuliko yote, kwenye chungu cha udongo kisichozidi ukubwa wa bakuli la uji. Majani yake yana manyoya laini kama sikio la mwana-kondoo, na maua yake ni ya zambarau, katikati yana macho ya njano. Tulipewa na rafiki aliyekuwa akiishi Amani, kule Muheza, ambaye aliliotesha kutoka kwenye jani moja tu alilolichomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Tulilipenda, lakini hatukujua ni nini.

Siku moja, tukiwa bado Korogwe, alikuja mgeni mzee kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Aliingia uani kwetu, akapita bogonvilia na krotoni bila kuzitazama, akaenda kuchuchumaa mbele ya kile chungu kidogo. Akasema neno moja la kwao: Usambaraveilchen. Kwa mkalimani akatueleza kwamba bibi yake alikuwa nalo dirishani, kwamba karibu kila bibi wa kwao amewahi kuwa nalo, na kwamba alipokuwa mtoto alidhani Usambara ni jina la ua, hakujua kuna milima. Tulimwonyesha milima kwa kidole. Alisimama akaitazama kitambo.

Habari yake ni kwamba mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili porini, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Baba alizifikisha kwa Hermann Wendland, bingwa wa mimea katika bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika rasmi na kulipa jina la ukoo ule, Saintpaulia. Kutoka hapo limezagaa madirishani Ulaya na Marekani, kwenye vyungu kama kile chetu. Na mwaka huohuo wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta mkonge nchini. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka hiyo yakaja mashamba yote mnayoyaona kuanzia Korogwe hadi Tanga. Ua likatoka, mkonge ukaingia. Mkonge kila mtu wa Tanga anaujua. Ua letu wenyewe tulilijua kwa kuambiwa na mgeni.

Porini linaota kwenye mapengo ya mawe, kivulini, penye ukungu na unyevu, mahali ambapo udongo wake hauzidi kiganja. Pengine ndiyo maana linavumilia chungu. Lakini msituni limekuwa haba kadiri misitu inavyokatwa, kwa hiyo mwenye kulitaka asiende kuling'oa huko. Aombe jani kwa mwenye nalo. Kwetu Korogwe lilikaa barazani upande wa mashariki, na asubuhi tulilifunika kwa kitambaa chenye maji. Wajukuu waliliita "ua la mgeni".

Basi tukahamia Handeni.

Maji ya bomba ya Handeni, kama wengi mnavyojua, yametolewa Mto Pangani kwa miaka mingi, yakavutwa kutoka upande wa Korogwe kupandishwa huku juu. Tulicheka tulipotambua kwamba tumeufuata mto uleule, ila sasa tuko mwisho wa bomba. Yakitoka, hujaza pipa. Yasipotoka, kuna kisima chenye maji ya chumvi kinachoacha ukoko mweupe juu ya udongo wa makopo, kuna malambo, na kuna vijana wa mikokoteni wanaouza maji kwa dumu. Akina mama wengi wa huku, tangu wakiwa wasichana, wamepimwa shingo zao na ndoo. Mtu wa Korogwe anafungua koki anaosha miguu. Mtu wa Handeni akimaliza kuosha vyombo hamwagi maji; anajiuliza kwanza ni nani mwingine anayeyahitaji.

Nasi tukajifunza. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye waridi. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yalikwenda kwenye bogonvilia, ila siyo yale ya kwanza yenye sabuni ya unga, hayo yanaunguza. Tulifunika udongo wa kila kopo kwa maganda makavu ya mahindi, jua lisinyonye. Kwa siku tulitumia nusu lita kwa kila chombo, yaani lita 15 na nusu, karibu dumu zima la lita 20. Lile la zambarau halikuvumilia maji ya sabuni wala ya chumvi. Lilikunywa maji safi, ya kunywa, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Majirani walitazama. Kwenye jumuiya mzee mmoja wa kanisa, kwa upole tu na bila kututaja, aliuliza kama ni sawa kwa Mkristo kunywesha kitu kisicholiwa wakati watu wanakunywa maji ya lambo. Tulikuwa na jibu tayari. Tulimkumbusha Mariamu wa Bethania na marhamu yake ya nardo, yenye thamani ya dinari 300, na ni nani aliyenung'unika kwamba bora ingeuzwa wakapewa maskini. Tukasema Mungu hakuumba maharage peke yake, na kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwaambia watu wenye njaa wayatazame maua ya kondeni. Mzee alinyamaza. Tulirudi nyumbani tumefurahi. Tumekuwa walimu miaka mingi. Kumshinda mtu kwa maneno ni jambo tunaloliweza.

Bado tunaamini tulichosema. Hilo ndilo lililotusumbua baadaye, kwamba neno lenyewe lilikuwa la kweli.

Ukaja mwaka ambao vuli haikunyesha. Mawingu yalikusanyika upande wa Korogwe kila alasiri, yakatutazama, yakarudi. Lambo la karibu likabaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Bomba likakauka wiki nzima, likatoka usiku mmoja, likakauka tena. Bei ya dumu ikapanda mara mbili, na hata mwenye fedha alingoja. Tulipunguza kuoga. Tulipunguza kufua. Maua tuliyapunguzia pia, siku moja tunayapa, siku moja tunayanyima, isipokuwa lile la zambarau.

Jioni moja, kama saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa tumemaliza kumwagilia. Ilikuwa zamu ya yote. Tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama kijana, Mwislamu, mumewe anafanya kazi mbali. Ameshika ndoo ndogo, ile ya lita kumi.

"Walimu, shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Karibu."

Hakukaribia. Alisema mtoto wake ana homa tangu mchana, mwili unawaka, na ndani hana hata tone la kumpangusia. Kijana wa mkokoteni amepita bila kusimama. Akaomba nusu ndoo tu, kesho atarudisha.

Ndani ya nyumba tulikuwa na dumu moja limejaa, la kupikia na kunywa siku ya pili. Na mmoja wetu akasema: "Leo hatuna, mwanetu. Hata sisi huyo kijana ametupita."

Hatusemi ni nani aliyesema. Mwingine alikuwa amesimama pale pale, akijua lile dumu liko nyuma ya mlango wa jikoni, na hakufungua kinywa. Tumejadili mara nyingi ni yupi mwenye kosa zaidi na tumeacha kujadili. Kila Jumapili tunaungama na usharika wote kwa "sisi", na kabla ya siku ile tulidhani ni mazoea ya lugha ya ibada.

Yule mama hakujibu mara moja. Kimya chake kilikuwa kirefu kidogo kuliko kawaida, na katika kimya kile tukasikia, sisi na yeye, maji yakidondoka. Tulisema mwanzoni kwamba kila chombo kina matundu na kimeinuliwa juu ya matofali. Makopo 31, yamenyweshwa muda si mrefu, yalikuwa yakidondosha ziada yake chini, tone, tone, na ardhi chini yake ilikuwa nyeusi kwa unyevu. Aliitazama ile ardhi. Kisha akasema, "Haya, walimu. Asanteni," akageuka na ndoo yake.

Tulikaa ndani bila kuwasha taa. Baada ya muda mmoja wetu akasema, "Ameona." Mwingine akasema, "Najua." Tukaanza kujitetea, kila mmoja kwa mwenzake. Kwamba dumu lilikuwa moja tu. Kwamba tungemgawia, kesho tungekunywa nini. Kwamba angekwenda nyumba ya nne. Hata tulisema maua yamekunywa maji ya kusuuzia, ambayo yasingemfaa mtoto. Hiyo ilikuwa kweli kwa vyombo 30. Kwa kile kimoja haikuwa kweli, na tulijua.

Saa tatu usiku tulichukua dumu na tochi tukaenda. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama mkwe wake alitoka nyumba ya uani akatuambia amembeba mtoto kwenda hospitali, homa ilizidi, na degedege limemshika. Tuliacha dumu mlangoni. Njiani tochi ikaisha betri.

Mtoto alilazwa siku tatu. Ilikuwa malaria. Alipona, na tunamshukuru Mungu kwa hilo kila siku, lakini hatutaki kuandika kana kwamba kupona kwake kulitufuta lolote. Asingepona, sisi tungekuwa walewale waliosema hatuna.

Siku ya tano yule mama alirudisha dumu. Lilikuwa limejaa. Hatujui aliyapata wapi wala alilipa kiasi gani, maana mvua ilikuwa bado. Aliliweka barazani, akasalimia, akasema asanteni, akaondoka. Mpaka leo hatujui kama alikuwa anatusamehe au anahakikisha kwamba hadaiwi na watu kama sisi.

Kwa miaka mingi tumefundisha habari za Yona katika shule ya Jumapili, na karibu kila mara tuliishia kwenye samaki. Watoto wanampenda samaki. Sura ya nne tuliiruka, kwa kuwa haina mwisho mzuri wa kuigiza. Majuma yale tuliisoma sisi wenyewe, jioni, tukipokezana. Yona ameketi nje ya mji, Mungu anaotesha mtango kumtia kivuli, naye anaufurahia mno. Kesho yake mdudu anautafuna, unakauka, na Yona anasikitika mpaka anataka kufa. Ndipo Mungu anamuuliza: wewe unauhurumia mmea, je, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi? Kitabu kinakwisha hapo, kwenye swali.

Kilichotuchoma si kwamba Yona alipenda mmea. Mungu hakumkemea kwa kuupenda, ndiye aliyeuotesha. Tena Yona hakuutaabikia, ulimea kwa usiku mmoja. Sisi yetu tulikuwa tumeyataabikia miaka. Tulikuwa tumejua uchungu wa kitu kisicho na pa kwenda, kinachongoja mkono wako. Tuliujua uchungu huo kwa makopo 31, kidole kwa kidole, asubuhi na jioni. Kisha akasimama mlangoni mtu asiye na pa kwenda, tena ana ndoo mkononi, na hatukuutambua.

Tulimwendea mchungaji tukiwa tumekwisha kuamua kuyatupa maua yote. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakuongelea maua hata kidogo. Aliuliza, "Mmemwomba radhi?" Tukajibu tulimpelekea maji. Akauliza tena lile lile swali.

Tulikwenda Jumamosi. Ni kazi ngumu kwa wazee, tena walimu, kukaa kwenye mkeka wa mtu aliye rika la wanafunzi wao na kusema tulikudanganya. Yule mama alikuwa akichambua mchicha. Hakutukatiza. Mwishoni alisema, "Niliona, ndiyo. Nilisema moyoni, hata walimu." Kisha akatuletea chai, nasi tukainywa yote, tukijua imepikwa kwa maji gani.

Maua hatukuyatupa, ila tuliacha kuyapa maji mpaka mvua irudi, na kiangazi kikachagua chenyewe. Makangaga yalikwenda kwanza, kisha begonia, kisha krotoni. Lile la zambarau lilichukua siku tisa. Tulilisogeza kivulini, hatukulinyima kivuli, lakini kikombe chake kilikwenda kwa watu. Mmoja wetu alilia, na hatuoni haya kuliandika hilo. Mtu anaweza kumlilia mmea bila kuwa Yona. Yaliyosalia yalikuwa 11: bogonvilia mbili, mishubiri, ule mkonge wa porini wenye madoa kama ngozi ya chatu, na yale yenye shina nene kama chupa ambayo wauza maua wa barabarani huyaita waridi la jangwa. Kwa anayeanza bustani ya makopo Handeni, hayo ndiyo tungemshauri. Yanakaa wiki mbili bila maji na bado yanachanua.

Fedha iliyobaki ya kiinua mgongo tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya sakafu ya vigae tulinunulia tangi la lita 5,000 na mifereji ya kuvunia maji ya paa. Koki hatukuiweka uani. Tuliiweka upande wa njia, nje ya ua wetu, na haina kufuli. Wapo waliotuonya kwamba watu watayamaliza, na kweli kuna miezi yanamalizika, kisha tunangoja mkokoteni kama wengine. Mara moja tulikuta mtu ameosha pikipiki. Tuligomba naye, hatukuwa watakatifu siku hiyo.

Rafiki wa Amani alitutumia jani jingine, limefungwa kwenye pamba yenye maji ndani ya chupa ya dawa, likaja na basi. Halikuota. Tutaomba tena masika.

Koki ina tabia ya kuvuja kidogo, na chini yake tumeweka kopo ili lile tone lisipotee. Tulipanda humo ua jekundu la kawaida. Mtoto yule sasa ana miaka sita, ndiye aliyejipa kazi ya kulitunza. Anakuja na kikopo cha maziwa asubuhi, anarudi mchana, anarudi jioni, na kila mara analijaza mpaka linafurika. Tumemfundisha habari ya kidole na kiungo cha pili. Anachomeka kidole, anakichungulia kwa makini kama daktari, anasema bado lina kiu. Amekwisha kuliozesha mara mbili. Juzi tumempandia la tatu.